Kidole cha Nyuma

Mguu wa kinda ndio saa ya mji wetu. Saa nyingine hatuna. Zamani zilikuwepo, kwenye kuta za majengo makubwa, lakini kila moja ilisema lake, na watu walipochoka kuuliza ipi ya kweli waliacha kuzitazama, nazo zikaacha kutembea. Sasa tunautazama mguu. Njiwa anapoangua, mguu wa kinda ni mwembamba kama njiti, na ukimvisha pete inaanguka. Siku chache baadaye pete inapita kwa kubembelezwa, na ikishapita haitoki. Ukichelewa kidogo tu vidole vinakomaa, na hapo hakuna pete duniani itakayopita. Kati ya mapema mno na kuchelewa mno pana upenyo. Sisi sote tunaishi ndani ya upenyo huo, na wengi wetu hatujui tuko upande gani wake.

Mtu akifa kwetu, mwili unazikwa lakini jina halizikwi. Jina hupelekwa Nyumba ya Nyundo, likagongwa juu ya pete ya shaba, na pete ikavishwa kinda wa banda la wafiwa wenyewe, si la jirani. Tangu hapo jina linaruka. Njiwa akirudi jioni, jina hutajwa wakati wa kula, watu wakacheka kwa yale aliyokuwa akiyasema marehemu, wakamlaumu, wakamsamehe. Lakini jina lisilovishwa halitajwi. Mama mtu hukatazwa kulilia. Analia tu, bila neno, kama aliyejikwaa kidole. Na njiwa mwenye mguu mtupu akionekana angani, watu wa nyavu humshusha, kwa sababu mji hauwezi kuvumilia kitu kinachoruka na hakijulikani ni nani.

Tangu utotoni nimejiuliza: jina ni la nani? La aliyepewa? La anayelitaja? Au ni la mwenye nyundo, na sisi tunaazimwa tu?

Kaka yangu aliitwa Machano. Naliandika polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, kwa sababu kinywani nimekatazwa.

Alikuwa mvishaji. Mikono yake ilikuwa mikubwa, ya mtu wa kupasua kuni, lakini kinda akiwa ndani yake alifumba macho akalala. Watu walimletea majina ambayo Nyumba ya Nyundo iliyakataa, majina ya wale waliotolewa majumbani mwao asubuhi wasirudi. Yeye alikata shaba ya sufuria kuukuu, akaigonga kwa msumari, akavisha. Nilipomuuliza kwa nini anajitafutia balaa alijibu, "Mguu haungoji, Chiku."

Siku waliyokuja watu wa nyavu alikuwa juu ya ngazi ya banda, anamvisha kinda pete ya mama yetu, Bi Mwanatumu, aliyefariki kwa maradhi yake na kugongewa jina bila taabu. Wakamwita. Akasema, "Ngojeni nimrudishe kiotani, atapata baridi." Wakangoja. Hilo ndilo linalonikereketa mpaka leo, kwamba walingoja, kwamba walikuwa watu wanaoweza kungoja. Akakitoa kidole cha nyuma, akamrudisha kinda, akashuka. Ndara yake moja ikabaki kwenye kipandio. Mlangoni akageuka akaniambia, "Chiku, wabadilishie maji." Basi. Njiwa wengine wote, wenye pete za sufuria, walinyongwa pale pale uani. Kinda mwenye pete ya mama nilimlisha mwenyewe mtama uliolowekwa, mpaka akaruka.

Sijui ni muda gani umepita. Naweza kusema msimu mmoja, naweza kusema umri mzima, na sitakuwa nimedanganya. Kinda yule sasa naye ni mama. Mumewe ni mzururaji aliyetua paani petu siku ya mvua akakataa kuondoka, na pete yake imelika hata jina halisomeki. Tunamwita Mgeni. Wametaga mayai mawili, na yote mawili yameanguliwa.

"Haya ndiyo ya mwisho," alisema Bi Mize, akichungulia kiotani huku ameshika kiuno. "Dume hili zee, hata likilia linapumzika katikati."

Bi Mize ni jirani yetu, na tangu kaka yangu achukuliwe ndiye mvishaji pekee mtaani. Mnene, mtafuna tambuu, mdomo wake mwekundu na haunyamazi. Kati ya nyumba yake na yetu pana kisima kilichokauka kabla sisi hatujazaliwa, tunatupa humo vifuu vya nazi. Alimgeuza kinda mkubwa chali kiganjani, akampapasa mguu.

"Ala! Huyu ana mguu wa mgambo. Mdogo wake bado, ameanguliwa nyuma yake, lakini huyu amefika. Pete iko wapi?"

"Sina."

"Huna vipi?"

"Nyumba ya Nyundo wanasema hajafa."

Alitema tambuu pembeni. "Basi nenda tena kawaambie amekufa. Umepewa jina la msemaji, Chiku, na mwenyewe huongei! Leo ongea. Ukikawia, mguu huu utakucheka."

*

Nyumba ya Nyundo haina mlango wa mbele. Ina milango ya nyuma mingi, na kila mtu huingilia wa kwake, akakutana na wenzake ndani, kwenye ukumbi mrefu ambamo mlio wa nyundo unasikika kabla nyundo haijashuka. Nilisimama nyuma ya watu. Mbele yangu palikuwa na mwanamke aliyevaa kanga kama yangu, mwenye shingo kama yangu, mabega yameinama kama nitakavyoinamisha yangu nikizeeka. Nilitaka kumgusa. Niliogopa atageuka.

Mgongaji alikuwa mtu mpole. Uso wake sikuweza kuushika: nikiutazama ni uso, nikipepesa macho ni uso mwingine, wote wapole.

"Nani amekufa, dada?"

"Kaka yangu. Machano wa Bi Mwanatumu."

"Pole sana. Alifia wapi?"

"Nyinyi ndio mnaojua."

Akacheka, bila ubaya. "Sisi hatujui kufa. Sisi tunajua kugonga. Mtu akifa kitandani kwake, kwa homa, kwa uzee, kwa mwiba wa samaki, tunagonga. Lakini mtu aliyetoka tu akaenda zake, tutamgongaje? Kesho akirudi akakuta jina lake linaruka, utamwambia nini?"

"Hatarudi."

"Umejuaje?"

Kumbe hilo ndilo shimo lenyewe. Kusema nilivyojua kungekuwa kusema kwamba walimchukua.

"Jaribu kukumbuka vizuri," alisema. "Labda alirudi, anaumwa. Ukamlaza. Msiba husahaulisha, dada. Wengi huja hapa wamesahau, na wakisimama kidogo wanakumbuka."

Yule mwanamke wa mbele yangu, ambaye alikwisha kuhudumiwa na alikuwa akifunga pete yake kwenye pindo la kanga, aliniinamia sikioni. Hakuwa mimi. Alikuwa mzee tu, ananuka karafuu. "Sema, mwanangu, uende zako. Mimi wangu nilisema alianguka mnazini. Na kwetu hatuna mnazi."

Nikauona mguu wa kinda, unakua huko nyumbani bila kunisubiri.

"Alifia kitandani," nikasema. "Kwa homa."

"Nani alimshika mkono?"

"Mimi."

"Alisema nini mwishoni?"

Hapo ningeweza kusema lolote. Ningeweza kumtungia shahada, au jina la mama. Lakini kinywa changu kilikuwa kitupu, na ndani yake palikuwa na neno moja tu la kweli, nikalitoa. "Alisema niwabadilishie njiwa maji."

"Maneno mazuri," alisema mgongaji, akainua nyundo. Mlio nilikwisha kuusikia.

Pete ilikuwa bado ina joto. Juu yake jina, na chini ya jina neno moja: *Kitandani*.

Njiani nikaanza kusoma miguu. Sikuwahi kufanya hivyo. Njiwa walikuwa wametua kwenye kuta, kwenye mabomba, kwenye mabega ya watu waliolala, nami nikapita nikiinama. Mnazini. Mnazini. Homa. Mnazini. Ngazini. Mji mzima ulikuwa umeanguka minazini, na minazi yenyewe ningeweza kuihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Ukutani kwa Bi Mize alikuwapo njiwa wa mwanawe, Kombo, kijana niliyecheza naye. Pete yake ilisema: *Kisimani*. Nilikitazama kisima. Vifuu vya nazi vilinitazama.

Nilipoingia ndani nikakuta godoro la kaka yangu limebonyea katikati.

Hivi ndivyo inavyokuwa. Mtu hudhani uongo ni kitu anachokibeba mkononi, anaweza kukiweka chini akichoka. Kumbe ni mbegu. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikaanza kukumbuka homa. Nilikumbuka bakuli la maji na kitambaa. Nilikumbuka jasho kwenye mdomo wake wa juu. Nilikumbuka, wallahi nilikumbuka, uzito wa mkono wake ukipungua ndani ya wangu. Nikajaribu kuiona ngazi, siku ile, watu wa nyavu. Nikaona ngazi tu, haina mtu. Walimchukua mara ya kwanza nikiwa natazama. Mara ya pili nilimtoa mwenyewe, nikamlaza kitandani, nikamfunika.

Na kilichonitisha ni kwamba nilipata nafuu.

*

Bi Mize alikuwa amekwenda kuvisha mtaa wa pili. Nikavisha mwenyewe, Machano alinifundisha. Unamlaza kinda kiganjani, tumbo juu. Vidole vitatu vya mbele unavikusanya pamoja, vinaingia kwenye pete kama ndugu watiifu. Kidole cha nyuma unakilaza juu ya mguu, kiangalie nyuma, pete inapanda juu yake mpaka goti. Kisha kwa njiti unakichomoa taratibu, kinarudi chini, na kazi imekwisha. Kaka yangu alikuwa akisema, kidole cha nyuma ndicho komeo. Vile vitatu vinakubali tu. Hiki kimoja ndicho kinachoifanya pete isitoke.

Nimelifikiria sana hilo. Pete haibani. Siku ya kwanza inacheza mguuni kama bangili ya bibi harusi. Haina kufuli, haina msumari. Anayeifunga ni kinda mwenyewe, kwa kula, kwa kulala kifuani pa mama yake, kwa kukua. Ni nani basi atakayemlaumu mwenye nyundo? Yeye ametoa kiduara tu. Mguu ndio uliojifunga.

Liko jambo moja la mwisho, na kila mtoto wa mji huu analijua. Pete mpya hupakwa masizi ya chungu. Njiwa ni mzazi msafi. Akiona kiotani kitu kinachong'aa hudhani ni uchafu, hukidonoa, hukikokota mpaka ukingoni akakitupa. Mguu ukiwa ndani yake, basi na mguu. Na mguu huo ukiwa wa kinda, basi na kinda. Bi Mize hakuona hata haja ya kunikumbusha.

Masizi nilikwisha kuyachota. Yalikuwa kwenye ncha ya kidole changu. Kinda mkubwa alikuwa na pete mguuni, herufi zinawaka kwenye jua la alasiri, na lilikuwa ni jina la kaka yangu, baada ya muda wote ule limeandikwa, linasomeka, mtu yeyote angeweza kulisoma. Nikakitazama kidole changu cheusi. Ningempakaje masizi? Nikajifuta kwenye kanga. Nikachukua ndimu na jivu nikaisugua pete mpaka nikaona jicho langu ndani yake, kisha nikamrudisha kinda kwa mama yake.

Asubuhi alikuwa chini ya banda, kwenye saruji, mguu mmoja umenyooka. Amepoa. Pete inang'aa kuliko jana.

*

Bi Mize alikuja na kikapu chake. Alimwona kinda kabla hajaniona mimi.

"Ulipaka masizi?"

Nikalikunja pindo la kanga nililojifutia.

"Chiku, nakuuliza. Ulipaka masizi?"

"Lilikuwa jina lake, Bi Mize."

"Lo." Akakaa juu ya kinu. "Lo, mwanangu. Umemng'arisha!"

Juu yetu Mgeni alilia, akapumzika katikati, akaendelea. Kisha Bi Mize akafanya kile anachokijua. Alimwokota kinda, akatia mate kwenye mguu, akakilaza kidole cha nyuma, akaivua pete iliyokuwa bado inacheza mguuni, akaifuta.

"Yupo mdogo wake," alisema. "Alichelewa kuanguliwa, Mungu ni mwema. Mguu wake unapita, lakini ni leo tu, jioni utakuwa umegoma. Nilete. Na masizi nitapaka mimi, wewe kaa mbali."

Nikapanda ngazi.

Mama njiwa alikuwa amesimama ukingoni mwa kiota. Hakunikimbia, sijawahi kumwona akinikimbia. Mguuni pete yake nyeusi, *Mwanatumu*. Alinitazama kwa jicho moja, kisha akageuza kichwa akanitazama kwa la pili, kama anavyotazama mtu aliyekwisha kufagia na anakuona unaingia na matope. Kando yake palikuwa safi. Hapakuwa na dalili ya fujo. Alikuwa ametoa uchafu nyumbani kwake, mwanawe akatoka nao, kwa kuwa ulikwisha kumvaa.

Nikamchukua kinda mdogo. Alikuwa na joto lile la kitu kisichojua bado kwamba kinaweza kupoa. Nikageuka kushuka, na mguu wangu ukakigusa kipandio cha tatu, na kwenye kipandio palikuwa na ndara.

Ilikuwapo siku zote. Nimeiruka kila asubuhi. Ndara ya mguu wa kushoto, ugwe wake umefungwa kwa uzi wa nyavu.

*Ngojeni nimrudishe kiotani, atapata baridi.*

Mtu aliyefia kitandani hangeacha ndara kwenye ngazi. Nikasimama pale na kinda kifuani, na kitanda kikaanza kunitoka kichwani, bakuli kwanza, kisha kitambaa, kisha jasho. Mkono ndio uliochelewa kutoka. Ule uzito niliutaka ubaki. Niliulilia. Kisha nao ukaenda, na mahali pake akarudi mtu mzima aliyesimama juu yangu kwenye ngazi, hai, mikono miwili imejaa, anaomba dakika moja.

"Unangoja nini?" Bi Mize aliita. "Nilete!"

"Simvishi."

"Nini?"

"Simvishi, Bi Mize."

"Chiku, usinichezee. Bila pete huyu ni nyama. Siku atakayotoka juu ya paa hilo watu wa nyavu watamshusha. Na kaka yako utamtaja kwa kinywa kipi? Utakaa naye tumboni mpaka uoze?"

"Hakufia kitandani."

Alitazama mlango wa ua. Sauti ikashuka. "Sikukuuliza alikofia."

"Walimchukua hapa. Alikuwa ameshika kinda, huyu mama yao. Aliwaomba wangoje amrudishe."

"Sikusikii. Mimi kiziwi tangu asubuhi."

"Wakangoja, Bi Mize. Akanambia niwabadilishie maji."

Alijifunika masikio kwa kanga, akabaki amejifunika hivyo juu ya kinu, lakini hakuondoka. Angeweza kuondoka. Kikapu chake kilikuwa kimejaa pete za watu na miguu ya makinda ilikuwa ikinenepa mtaa mzima. Nami nikakaa kwenye kipandio, kando ya ndara, na kinda ndani ya kanga. Jua likazunguka ua. Mama njiwa alikuja akamlisha pale pale mapajani mwangu, akimtia mdomo wake kooni, na nilihisi gole lake, kile kifuko cha kooni, likijaa. Alikuwa akikua. Ilikuwa kama kukaa kando ya mgonjwa, ila kinyume chake.

Jua lilipofika ukutani Bi Mize aliinuka, akaja, akanyoosha mkono bila kusema. Nikampa mguu. Akavikusanya vidole vitatu, akaisukuma pete. Ikagoma. Akatia mate. Ikagoma. Kinda akalia kidogo. Bi Mize akaacha.

"Basi," alisema.

Alibaki ameishika pete kati ya vidole viwili, akiigeuza, akisoma neno la chini. Nilidhani atanitukana. Alikwenda mpaka kisimani, akasimama ukingoni, mgongo wake mnene umenigeukia.

"Unakumbuka kulikuwa na maji humu?" aliniuliza.

"Tangu nizaliwe hayajawahi kuwapo."

"Hayajawahi," alisema.

Akafungua vidole. Pete ikagonga jiwe, ikagonga kifuu, ikanyamaza.

"Kombo alikuwa akiogopa hata kuchungulia," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kuulizia chumvi. Kisha akafunga kikapu chake akaenda kwao, na nyuma ya ukuta nikamsikia akimwita njiwa wake kwa mtama, akimwita, akimwita.

Nikamrudisha kinda kiotani, mguu wake mtupu. Najua watakuja. Siku atakayopanda hewani nitakuwa nimesimama uani nikimtaja kaka yangu kwa jina lote, na alikochukuliwa, kwa sauti, na watakaokuwa na masikio siku hiyo watakuwa nayo. Lakini hiyo ni siku nyingine, na mguu wake ndio unaoijua.

Maji ya bandani yalikuwa na vumbi na unyoya mmoja. Nikayamwaga. Nikawabadilishia.